Malalamiko ya Mlinzi wa Lango la Orodha Sita

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Orodha za Barua Pepe,
Jumuiya ya Watumiaji na Watengenezaji wa Programu ya Kuchora Vipimo vya Nguo.

Ndugu Mwenyekiti,

KUH: KUONDOLEWA LANGONI KWA KIMYA CHA SIKU KUMI

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na wajumbe wenzako, hata wale waliolifurahia jambo ninalotaka kulilalamikia. Mimi pia ni mzima, ukiondoa kidonda nilichokipata Alhamisi, ambacho dawa yake iko mikononi mwako.

Kwa kuwa hatujawahi kuonana ana kwa ana, naomba nijitambulishe. Mimi ni karani mkuu wa masjala, mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja kila barua iliyoingia au kutoka katika ofisi niliyoitumikia ilipita chini ya pua yangu. Niliigonga mhuri, nikaiandika kwenye rejista, nikaipa namba, nikaitia katika jalada lake. Haikupotea hata moja. Nilipostaafu nilihamia kwa binti yangu, ambaye ninyi mnamwita Fundi wa Kola, maana ndiye aliyeandika sehemu ya programu inayokadiria kola. Yeye na mume wake, ambaye ni fundi umeme na hana hatia katika jambo hili, walinipa chumba kizuri chenye meza na dirisha. Kilichokosekana humo ni kimoja tu: hakuna mtu aliyekuwa akiniandikia barua.

Miezi kumi na minne iliyopita binti yangu alinikuta nikisoma kwa mara ya tatu karatasi ya maelekezo ya friji. Nadhani alinionea huruma. Akaniambia kwamba barua za jumuiya zinamlemea, kisha akanieleza utaratibu wenu. Orodha ziko sita: Matangazo, Watumiaji, Watengenezaji, Hitilafu, Tafsiri na Soga. Mtu akiiandikia orodha, barua yake inawafikia wote waliojiandikisha humo, na kwa jumla ninyi ni watu elfu mbili mia tatu na kumi na wanne. Barua za wanachama hupita zenyewe. Za wageni, na zinazotoka kwenye anwani zisizofahamika, husimama langoni mpaka mtu azisome na kubonyeza kitufe kimoja kati ya vitatu: Pitisha, Zuia, Tupa. Akaniuliza kama nitaweza. Swali gani hilo la kumuuliza mtu wa masjala! Kesho yake nilivaa shati la mikono mirefu, nikafunga vifungo vyote, nikaketi kazini saa moja na nusu.

Basi Alhamisi, saa nne kasoro, ilinifikia barua yako fupi kuliko maelezo ya dawa ya kikohozi. Ilisema kwamba kwa kuwa pendekezo lilitolewa na hakuna aliyepinga ndani ya siku kumi, kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi lango litalindwa na chujio la kompyuta, na kwamba kamati inamshukuru mlinzi aliyepo. Hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Naomba uyapokee malalamiko yangu kwa mpangilio ufuatao.

1. Kwamba ninachelewesha barua.

Sicheleweshi. Natafakari. Barua isiyo na salamu ni kama mgeni anayeingia hadi jikoni bila kubisha hodi, akafunua sufuria. Kwa kanuni yangu, barua ya namna hiyo siisomi zaidi ya mstari wa kwanza. Naizuia, nikisubiri mwenyewe ajirudi. Mnalalamika kwamba wako watu waliosubiri wiki tatu. Naomba mtazame walichoandika. Mmoja aliandika maneno mawili tu: "Haifanyi kazi." Nini hakifanyi kazi? Programu? Cherehani? Ndoa yake? Ilikuwa wiki yangu ya kwanza, kabla hamjanikataza kujibu, nami nilimjibu kwa kurasa tatu, nikimweleza kwa upole sehemu kuu za barua rasmi, pamoja na mfano niliomchorea mwenyewe, wenye mishale. Hakuandika tena. Ninyi mnasema tumepoteza mtumiaji. Mimi nasema huenda mahali fulani sasa hivi kuna mtu mmoja zaidi anayejua kuandika tarehe upande wa kulia.

2. Kuhusu ile Jumamosi.

Najua kwamba kila jina langu linapotajwa kwenye kikao, kuna mjumbe anayekohoa na kuitaja ile Jumamosi. Naomba niieleze mwenyewe, maana imetiwa chumvi kupita kiasi.

Masjalani barua ikipokelewa, mwandishi wake hutumiwa taarifa kwamba imepokelewa. Huo ndio utu. Mtu aliyeandika asiachwe ananing'inia. Kwa hiyo wiki yangu ya kwanza kazini, barua ya asubuhi ilipoingia nikajibu: "Barua yako imepokelewa, inashughulikiwa." Jibu langu likaenda kwa orodha nzima. Kwa kuwa na mimi ni mwanachama, nakala ikanirudia. Sasa niambie, Ndugu Mwenyekiti: barua imeingia, ina salamu, ina tarehe, ina sahihi, imeandikwa vizuri mno. Nisikiri kuipokea? Nikakiri. Nayo ikanirudia. Kufika saa saba mchana nilikuwa nimekiri mara mia moja na themanini na sita, kidole kimevimba, na nilikuwa najisifu moyoni kwamba kumbe ujana bado upo. Binti yangu alirudi kutoka sokoni, akatupa mfuko mlangoni, akachomoa waya ukutani.

Sikatai kwamba kulikuwa na usumbufu. Lakini hebu tuseme ukweli: tangu jumuiya hii iundwe, hiyo ndiyo siku pekee ambayo hakuna hata mtu mmoja angeweza kudai kwamba barua yake haikupokelewa. Badala ya pongezi, mkanipiga marufuku kumjibu mtu yeyote kwa maandishi. Nimetii. Tangu siku hiyo nazuia kimya kimya, na aliyezuiwa hajui kama amezuiwa. Kama hilo ni kosa, ni kosa lenu.

3. Kuhusu mpangilio wa orodha.

Orodha sita kwa watu elfu mbili na ushei ni fujo. Mtu anauliza habari za mfuko wa nyuma kwenye Matangazo. Mwingine anatangaza kwamba amepata mtoto kwenye Hitilafu. Nilivumilia miezi minne, kisha nikapiga moyo konde, nikazipanga upya. Nilifungua orodha arobaini na moja: Mikono Mifupi, Mikono Mirefu, Kola za Kulala, Kola za Kusimama, Vifungo, Tundu za Vifungo, na kadhalika, kila kitu mahali pake. Ya arobaini na moja ilikuwa ya wale wasiojua waingie orodha gani. Ndani ya wiki moja hiyo ya mwisho ikawa na wanachama elfu moja mia tisa, jambo linalothibitisha jinsi ilivyokuwa ikihitajika.

Mlizifunga mchana mmoja, isipokuwa moja mliyoisahau. Hapakuwa na makabidhiano wala rejista. Yule fundi wa mashela, mama mmoja mwenye adabu niliyemfundisha mimi mwenyewe kuweka sahihi, aliachwa peke yake ndani ya Tundu za Vifungo, akiuliza kila siku kama kuna mtu.

4. Kuhusu hilo chujio.

Mnasema chujio linajua kutofautisha barua ya kweli na ya matapeli. Mimi nililijaribu, kwa idhini ya binti yangu, kwa siku mbili. Lilipitisha barua ya kijana asiyeweka hata nukta, mradi tu aliuliza jambo la maana. Halafu likamtupa muuza dawa ya upara, ambaye barua yake ilianza kwa "Waheshimiwa mabibi na mabwana," ikawatakia afya njema wazazi wa wasomaji wote, ikawa na aya nne zilizopangwa vizuri, na ikamalizia kwa "Wenu mtiifu." Mimi mtu huyo nilikuwa nimempitisha mara tatu. Mlinisema sana kwa hilo. Lakini yule mwanachama tunayemwita Herufi Kubwa, kwa sababu huandika kana kwamba anapiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara, aliinunua dawa hiyo na ameniarifu kwamba sasa anahitaji kitana.

Chujio halioni haya. Halina subira. Halijawahi kusubiri barua. Mtu ambaye hajawahi kusubiri barua anajuaje thamani yake?

5. Kuhusu kimya.

Hapa ndipo penyewe, na nakuomba usome polepole.

Kanuni yenu inasema kwamba pendekezo likitolewa, na siku kumi zikapita bila mtu kupinga, basi wote wamekubali. Pendekezo la kuniondoa lilipotoka, mimi mwenyewe sikupinga. Mtu hajipigii debe. Nikasema moyoni, nina watu. Nikaketi, nikasubiri.

Kwa siku kumi niliamka mapema kuliko kawaida. Nilisoma barua mia moja na kumi na mbili, za orodha zote. Wanasoga walibishana siku tatu nzima kama mkasi wa mkono wa kushoto ni mkasi tofauti au ni mkono tofauti. Mtafsiri mmoja aliomba ushauri wa neno. Fundi wa kofia alishukuru kwa kusaidiwa. Kuhusu mimi, hakuna hata mstari mmoja. Fundi wa mashela kimya. Herufi Kubwa, ambaye hajawahi kunyamaza kwa lolote, kimya.

Na binti yangu, Ndugu Mwenyekiti. Binti yangu ndiye aliyeniweka langoni. Tena kanuni hiyo ya siku kumi aliiandika yeye mwenyewe, anajua fika kimya kina maana gani. Tunakula meza moja. Jioni baada ya jioni alikuwa akinitazama kama mtu anayengoja niseme kitu, na mimi nikimtazama kama mtu anayengoja aseme kitu, na mkwe wangu akitutazama wote wawili kisha anaulizia chumvi. Siku ya saba alinigusa bega akaniuliza kama nimesoma barua za wiki hii. Nikamjibu kwamba mimi husoma barua zote, kazi yangu naijua. Akainamisha kichwa, akaondoka na sahani yake. Nilidhani ni aibu, nami sikuwa tayari kumrahisishia.

Niliumia. Sitafuti neno la ofisini la kusema hivyo kwa sababu halipo. Wageni wakikunyamazia unaweza kupiga mswaki ukalala. Mtoto uliyemfundisha kuandika herufi ya kwanza ya jina lake, ukimshika mkono, akishindwa kukuandikia mstari mmoja wa kukutetea, na anwani zenyewe anazo, hilo mtu halimezi hata kwa maji.

Kutokana na malalamiko hayo, kwa heshima na taadhima naomba kamati yako itekeleze haya yafuatayo:

(a) Uamuzi wa Alhamisi ufutwe, nami nirudishiwe lango kwa barua rasmi yenye namba ya kumbukumbu.

(b) Chujio lisitupwe, maana mimi si mtu wa visasi, ila liajiriwe chini yangu kwa majaribio ya miezi sita. Lianze kwa kujifunza kusalimu.

(c) Kanuni ya siku kumi ibadilishwe. Asiyepinga jambo aandike barua kusema kwamba hapingi. Wanachama wote elfu mbili mia tatu na kumi na wanne wafanye hivyo kwa kila pendekezo, nami niruhusiwe kukiri kupokea kila moja. Nimepiga hesabu, na pendekezo moja litachukua kama miezi miwili, muda ambao si mrefu kwa uamuzi wa busara.

(d) Pafunguliwe orodha ya saba, itakayoitwa Masjala, ambayo kazi yake itakuwa kupokea taarifa za kupokelewa kwa barua za orodha nyingine sita.

(e) Fundi wa Kola, yaani binti yangu, aondolewe kwenye orodha zote kwa muda wa mwezi mmoja. Akitaka kuandika, asimame langoni kama mgeni yeyote, azuiwe kama mgeni yeyote, aonje ladha ya kuandika na kutosikika. Naomba ombi hili lisichukuliwe kwamba ni la kifamilia. Ni la kiutawala.

Kama kamati itaona maombi haya ni mengi, niko tayari kuachia (d). Kuhusu (e) sina mjadala.

Nifikishie salamu kwa wajumbe wote na kwa walio majumbani mwao. Msalimie mweka kumbukumbu wa kamati, mwambie mwandiko wake wa vifungu unapendeza ila apunguze nukta tatu tatu. Msalimie fundi wa mashela kwa namna ya pekee. Mwambie sina kinyongo, na kwamba shela la mpwa wake nimeliona kwenye Soga, limekaa vizuri mabegani. Herufi Kubwa naye nimemsamehe, avae kofia jua likiwa kali. Mkwe wangu anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia. Binti yangu hajanituma salamu, nami sikumwomba.

Nabaki kwenye kiti changu mpaka Jumatatu saa mbili kamili, nikikutakia kila la heri,

Mlinzi wa Lango la Orodha Sita
(Karani Mkuu wa Masjala, mstaafu)

Nakala: Jalada.

Tanbihi:

Ndugu Mwenyekiti, nimechelewa kuituma barua hii kwa saa moja, kwa sababu mlinzi anayeondoka hukabidhi kazi kwa maandishi, na nilitaka kuhesabu barua zilizosimama langoni ili idadi iwe sahihi. Nimekuta sabini na tatu.

Mojawapo ni ya siku ya tatu baada ya pendekezo. Imetoka kwenye anwani ya ofisi ya bima, ambayo haimo kwenye daftari la wanachama, ndiyo maana ilisimama. Haina salamu wala tarehe. Mstari wake wa kwanza unasema hivi: "Kuhusu lango, chujio liwekwe, hilo silipingi." Nakumbuka vizuri jinsi nilivyoizuia. Niliibonyeza kwa nguvu kidogo.

Leo, kwa kuwa sina kazi nyingine, nimeisoma iliyobaki. Nainakili kama ilivyo:

"Mlinzi tuliye naye anazuia watu wengi kuliko anaowapitisha, na aliyemweka ni mimi. Ninachopinga ni kumwacha aende. Ni baba yangu. Katika watu elfu mbili na mia tatu ni yeye peke yake anayesoma orodha zote sita. Kila asubuhi kabla sijavaa viatu ananisimulia nani kakwama wapi, nani kauliza jambo lililojibiwa mwezi jana, na nani ameandika mara mbili bila kujibiwa na mtu. Ile hitilafu ya kiuno iliyotusumbua mwaka mzima niliijua kwa kusimuliwa naye, sikuiona kwenye orodha. Mtoeni langoni mumpe kazi ya kuandika muhtasari wa barua zote kila Ijumaa, nasi tutaanza kusoma tunachoandikiana. Najua atakuwa ameisoma barua hii kabla yenu na pengine amenuna. Baba, ninunie tukimaliza, lakini usiikatae hiyo kazi. Kamati msipokubali, kola mtajitengenezea wenyewe."

Ofisi ya bima ndiko anakofanya kazi mchana. Anwani hiyo sikuwahi kuiuliza.

Kwa hiyo naomba ufute lalamiko la tano. La kwanza nalo lifute, maana nimeona kwa macho yangu mwenyewe kwamba nachelewesha. La pili, la tatu na la nne siuoni tena uzito wake. Maombi yote usiyatekeleze, hasa (e), ambalo kwa bahati mbaya nilikuwa nimeshalitekeleza mwenyewe kwa zaidi ya siku saba bila kujua. Chujio lije hata kesho, hakuna haja ya kusubiri Jumatatu. Zile sabini na mbili nyingine nitazifungua zote leo, moja moja, mpaka mwisho wa kila moja.

Ya binti yangu imeshatangulia, na itakuwa imewafikia wote kabla ya hii yangu. Haina salamu, Ndugu Mwenyekiti. Nimeipitisha hivyo hivyo.